Nilijipachika INFP mpaka duka likataka kunifia mkononi. Hizi testi za hulka zinatusaidia au zinatulemaza?

Ming'oko wa Newala (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam, na wale wa kusini wenzangu poleni na msimu. Nataka niweke hapa jambo ambalo limenila miaka kama minne hivi na pesa juu, labda kuna mdogo wangu mmoja sahivi anajiona kajielewa kumbe kajifungia ndani na ufunguo katupa. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi nina duka la vyakula hapa Newala, unga, mchele, sukari, mafuta na vikorokoro vingine. Mwaka 2019 nlienda semina ya wajasiriamali Mtwara mjini, siku mbili, mtoa mada akatugawia karatasi yenye maneno unatiki yale yanayokuhusu alafu unajumlisha, mwisho unaambiwa wewe ni sangwini, koleriki, melankoli au flegmatiki. Mie nikatoka melankoli mwenye uflegmatiki kwa mbali. Aisee nlivyosoma yale maelezo nikahisi kuna mtu ananichungulia dirishani toka nipo darasa la tatu, eti mpole, hapendi ugomvi, anawaza sana, akikwazwa anaumia kimyakimya. Nikapanda basi kurudi nyumbani, tunafika Tandahimba karatasi nshaikariri yote.

Nikaanza kutafuta mtandaoni sasa, ndo nikakutana na zile herufi nne. Nakumbuka nlikua nimekaa kule Shimo la Mungu jioni, upepo wa bondeni Ruvuma unapanda, naminya majibu kwenye simu moja baada ya jingine, ikaja INFP. Nlifurahi kama nimepewa cheti. Nikaweka mpaka kwenye stetasi.

Shida ilianzia hapo. Huku kwetu duka linaenda na korosho, kuanzia mwezi wa pili wa tatu watu hawana kitu, wanachukua unga kwa daftari, tunasubiriana mpaka minada ya mwezi wa kumi na wa kumi na moja, pesa zikisoma benki ndo unaanza kupita. (Kabla hamjanirukia: mimi sio kangomba, sijawahi kumpa mtu sukari nikachukua korosho zake, daftari langu ni la pesa kwa pesa.) Sasa kupita kudai ndo kazi yenyewe, ukikaa unasubiri mtu ajilete mwenyewe basi utasikia kaezeka bati, kanunua pikipiki, kacheza na unyago wa binti, wewe umebaki na daftari. Na mimi toka nimekua INFP nikaacha kupita. Mama Zuu akiniambia leo nenda kwa fulani namjibu mke wangu hulka yangu haipatani na kudai watu, hio ni kazi ya makoleriki, wale watu wakali. Na naongea kwa sura ya usomi kabisa. Msimu wa kwanza nikabaki na laki nane nje, wa pili milioni moja na nusu, wa tatu nilipojumlisha ikawa 2,870,000 na rafu mbili za duka zina buibui.

Mama Zuu akapeleka kesi kwa mjomba wangu Kitangari. Na kwa sisi Wamakonde mnajua, mjomba akikuita huendi na majibu mfukoni. Nikamueleza habari za herufi, nikamuonesha hadi kwenye simu, mzee akasikiliza mpaka mwisho, katulia, alafu akaniuliza: "Mpwa wangu, ile mechi ya Kitangari na nyie Newala, yule aliyemkimbiza refa mpaka kwenye migomba alikua nani?"

Nikanyamaza.

"Maana mie niliona ni wewe."

Ntaendelea, ngoja nifungue duka kwanza.

Dereva wa Mnazi Mmoja

Hahahaa refa mpaka kwenye migomba 😂😂 INFP gani huyo. Naweka kiti hapa.

Binti Mikindani

Kaka pole kwa madeni. Ila kwa sie ambao hatujui, hizo herufi nne ndo nini na nani kazitoa? Maana naziona kwenye profaili za watu nikajua labda ni chuo.

Ming'oko wa Newala

Dada'angu sio chuo. Ziko herufi nane kwa jozi nne, unapewa moja kila jozi. E au I, yani ekstrovati na introvati, kwamba nguvu unazipata ukiwa na watu au ukiwa peke yako. S au N, unaamini unachokiona na kukishika au unakwenda na machale na picha kubwa. T au F, ukiamua unatanguliza hoja au unatanguliza watu. J au P, unapenda mambo yapangwe na yaishe au unayaacha wazi. Ukichanganya unapata aina 16.

Chanzo chake ni Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, aliandika kitabu kuhusu aina za watu mwaka 1921. Kuna mama mmoja wa Marekani, Katharine Briggs, yeye na binti yake Isabel Briggs Myers wakachukua mawazo ya Jung wakayageuza kua maswali ya kujaza, binti akaifanyia kazi hasa kipindi cha vita kuu ya pili, wanawake wengi walikua wanaingia kwenye ajira na yeye akaona hii itawasaidia watu kupata kazi inayowafaa. Ile jozi ya J na P kwa Jung haikuwepo kama jozi, waliiongeza wao. Na wote wawili hawakusomea saikolojia, mama na binti wamekaa nyumbani wanaangalia watu. Mie hilo silioni kama kosa, bibi zetu ndo kazi yao hio hio, ila nilipojua nikapunguza kuiogopa.

Na ile testi ya bure wanayofanya watu wengi kwenye simu, inayoongeza herufi ya tano A au T, sio hio ya kina Briggs, ni nyingine imeazima herufi zake. Mie nlidhani ni kitu kimoja miaka yote minne.

Mpiga Chaki Nachingwea

Mkuu niingie hapo kwenye "nikahisi kuna mtu ananichungulia dirishani", hapo ndo penyewe.

Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa saikolojia Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 testi, baada ya siku kadhaa akamrudishia kila mmoja maelezo ya tabia zake, akasema haya tupe alama kuanzia sifuri mpaka tano, yamekulenga kiasi gani? Wastani ukawa 4.26. Kumbe wote aliwapa karatasi moja, maneno yale yale, mengi kayatoa kwenye kitabu cha nyota.

Mimi nimelifanya hilo kidato cha tatu kwangu. Nliandika kwa mkono, kila karatasi na jina la mwenyewe juu ionekane imetoka moyoni: "Watu wanakuona umetulia ila kuna mambo unayabeba hakuna anayejua. Una kipaji hujakitumia. Kuna mtu wa karibu hakuelewi." Binti mmoja machozi yakamtoka. Kijana mwingine akanifata baada ya kipindi akaniuliza mwalimu hilo la mtu wa karibu ni baba eeh? Nilipowaambia wabadilishane karatasi na jirani zao wasome, darasa zima likapiga kelele, nusu wamecheka nusu wamenuna, na yule binti wiki nzima hajanisalimia. Sijarudia tena, nliona nimechezea kitu.

Kwaiyo mkuu ukiona maelezo yamekugusa, kwanza mpe jirani yako asome bila kumwambia ni ya nani. Na yeye akisema "huyu ni mimi kabisa", jua hapo hamna mtu aliyesomwa.

Mzee wa Kilwa

Vijana, hizo nne za semina, sangwini na wenzake, nyie mnaziona mpya lakini zimefika pwani hii zamani sana. Ni elimu ya Wayunani, ya Hipokrati na Galeni, Waarabu wakaichukua wakaiita mizaji, Ibn Sina kaiandika vizuri kwenye kitabu chake kikubwa cha tiba alichomaliza mwaka 1025. Kwamba mwilini mna maji manne, damu, belghamu, safura yani nyongo ya manjano, na sauda yani nyongo nyeusi, likizidi moja ndo tabia inafuata. Hebu sikilizeni hayo maneno, belghamu si mnaikohoa kila kipupwe, na safura si mnaijua hospitali na minyoo yake. Flegmatiki wako huyo wa karatasi ni mtu wa belghamu tu, mwanangu. Mtoa mada kakuuzia makohozi kwa kiingilio.

Leo hakuna daktari anayetibu kwa hayo maji manne. Mnisamehe, lakini mie nashangaa kitu kimetoka hospitalini kinahamia kwenye semina za biashara na mafundisho ya ndoa na watu wanaandika kwenye madaftari.

Ila nina neno jingine. Sie tulipotoka jandoni tulitoka na majina mapya, la utoto unaliacha kule kule porini, mtu akikuita kwa jina la zamani ni matusi. Na lile jina lilikuja na kazi: huwezi kulala tena nyumba ya mama, ukikuta mzee kabeba mzigo unampokea, kukiwa na msiba unachimba. Hizi herufi zenu naziangalia naona zimekuja na msamaha. Mimi fulani kwaiyo sifanyi hili, mimi fulani kwaiyo nivumilieni. Hapo ndo sijaelewa.

Dereva wa Mnazi Mmoja

Makohozi kwa kiingilio 😂😂😂 mzee shikamoo.

Binti Mikindani

Shikamoo mzee wangu. Umesema kweli lakini naomba na mimi niseme, manake naona uzi umeelemea upande mmoja.

Mimi toka mdogo ni mkimya. Na mwanamke mkimya huku kwetu mnajua anavyoitwa, anaringa, ana kiburi, ana jini, mpaka nlipelekwa kuombewa. Shughuli za wanawake mie nikikaa masaa mawili kichwa kinauma, natamani nikae bandani niangalie ngalawa, basi. Nkaolewa, wifi zangu wakasema huyu hatupendi. Siku moja mtu kanitumia makala inaeleza introvati ni mtu wa namna gani, sikufanya testi hata, nlisoma tu kwamba wapo watu kelele inawachosha na hawaumwi na hawana chuki na mtu. Kaka nlilia. Nkamsomea mume wangu, tukakubaliana kwenye shughuli naenda mapema wakati wa kupika, nashika jiko, nachambua mchele, ngoma ikianza naaga. Sahivi wifi zangu ndo wananiita wa kwanza maana kazi naimaliza.

Kwaiyo kwangu lile neno lilinitoa kwenye jini.

Ming'oko wa Newala

Dada umenifanya nisimamishe mteja dukani. Hio yako ni tofauti na yangu, na nikiangalia tofauti yenyewe iko wapi naona wewe baada ya kulipata jina ulitafuta mlango mwingine wa kuingilia kwenye shughuli. Mie nlipata jina nikakaa chini.

Haya naendelea. Siku ile mjomba hakunipa ushauri wa maana, alinipa muhogo na ming'oko nikala, akaniambia nenda. Ila lile swali la refa likanitesa. Maana ni kweli, mimi mtu wa "hapendi ugomvi" nlimfukuza mtu uwanja mzima mbele ya vijiji viwili. Kwaiyo sio kwamba sina ukali. Sasa unaishia wapi nikishika daftari?

Nikachukua kaunta buku nikawa naandika kila siku usiku, sio "mimi ni mtu wa aina gani", hapana, naandika leo nani nlishindwa kumwambia nini, tulikua wapi, nani alikuwepo. Mistari mitatu minne tu. Nliandika kama wiki tano, kuna siku nlilala bila kuandika siwadanganyi. Alafu siku ya mvua nikakaa nikasoma yote kwa pamoja.

Wakuu, kudai hakukua kunanishinda kabisa. Mara zote nlizoshindwa kulikua na watu wengine, kijiweni, kwenye chama cha msingi siku ya malipo, msikitini nje, dukani wateja wamejaa. Na kuna mara tatu nlidai bila shida na nikalipwa, mara zote tulikua wawili tu, mmoja tulikutana kisimani asubuhi, mwingine nlimpakia kwenye pikipiki. Nlichokua naogopa ni kumuaibisha mtu mbele za watu. Basi. Hilo kwenye INFP halimo, wala kwenye melankoli, linajulikana na daftari langu tu. Na nikifikiria nadhani linatoka kwa baba, kuna siku alidaiwa mbele yangu sokoni nikiwa na miaka tisa, ila hio stori tuiache.

Nikabadilisha utaratibu. Kwanza mtu akichukua unga mwezi wa tatu tunaandikiana palepale tarehe na kiasi, anasaini, na tunakubaliana ntamfata nyumbani. Pili, korosho zikianza kulipwa sipiti mchana, napita saa kumi na mbili asubuhi, ukungu wa Newala mnaujua, hakuna anayekuona, nagonga hodi, tunaongea wawili, kahawa nakunywa hapo hapo. Msimu wa kwanza wa hivyo nlikusanya milioni moja na laki tisa katika yale ya nyuma.

Mpiga Chaki Nachingwea

Hapa mkuu umeshusha kitu. Na kuna swala jingine hizi testi zinakosea kwetu. Swali linakuuliza "ukiwa kwenye kundi unakua mkimya?" Kijana wa Newala anajibu ndio, kwa sababu kwenye kundi kuna mjomba, kuna mashemeji, kuna wazee, unyamavu pale ni adabu. Kompyuta inaandika introvati. Mpeleke kijana huyo huyo kwa watani zake msibani uone kama hajavua watu nguo. "Kwenye sherehe unaongea na watu usiowajua?" Sherehe gani ya kwetu ina watu usiowajua, wote ni ndugu.

Wanasaikolojia wengi kwenye utafiti hizo herufi nne hawazitumii, moja ya sababu ni kwamba watu wengi wakirudia baada ya wiki chache wanatoka na herufi nyingine. Wanatumia mizani mitano: unavyopokea mapya, unavyojali kazi na mpangilio, uchangamfu, upole kwa wenzio, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Na hawakupi boksi, wanakupa kiwango, kama urefu, huwezi kuigawa Mtwara yote warefu na wafupi wakati wengi wako katikati. Mizani hio ilitokana na maneno, mwaka 1936 Allport na Odbert walipekua kamusi ya Kiingereza wakatoa maneno karibu 18,000 ya kumueleza mtu. Nlijaribu na Kiswahili na wanafunzi, goigoi, mropokaji, msiri, mshari, mkunjufu, mbahili, mzito, mwepesi, mdakuzi, tulijaza ubao mbili kipindi kikaisha bado wananyoosha mikono.

Na hata hio mitano sio ya kuapia. Mwaka 2013 ulitoka utafiti wa wakulima wa kabila la Tsimane kule Bolivia, watu wanalima na kuwinda, mitano haikuonekana vizuri, vilivyojitokeza ni viwili: anavyowafaa wenzake na anavyochapa kazi. Nlivyosoma nikasema hawa mbona kama wa Liwale.

Dereva wa Mnazi Mmoja

Sasa mimi nimefanya testi wakati nawasoma hapa, imetoka ESTP. Inasema napenda hatari. Nina basi la abiria nifanyeje 😅

Mzee wa Kilwa

Punguza mwendo.

Karani Masasi

Naongezea kidogo, kuna sehemu nlifanya usaili wakatupa testi ya herufi na aliyetoka "I" hakuitwa tena, kazi yenyewe ya stoo, kuhesabu magunia! Wenye testi hio ya kina Briggs wenyewe wanasema isitumike kuajiri wala kuchuja watu. Sema ukimwambia bosi hivyo ndo umejichuja.

Swali kwa mwanzisha uzi, kwaiyo wewe sahivi unawashauri watu wasifanye kabisa?

Ming'oko wa Newala

Hapana mkuu, wafanye, mbona ni burudani. Mie bado napenda kuzisoma, na kuna kitu zilinipa, kabla ya ile karatasi ya semina nlikua sijawahi hata siku moja kukaa nikajiuliza kwanini nafanya ninavyofanya. Wanaume wa huku nani anajiuliza hayo. Tatizo langu nlisoma majibu nikafunga kitabu.

Ukifanya, mpe anayeishi na wewe akujibie yale maswali bila kukuuliza. Nlimpa Mama Zuu simu, akanijibia, nikatoka ESFJ. Herufi tatu kati ya nne tofauti na zangu! Tulibishana mpaka chakula kikapoa, kwenye ile ya kupanga mambo akanionesha magunia ya mchele nlivyoyapanga kwa tarehe, mimi nlijibu mimi ni mtu wa kuacha mambo wazi, sijui nlikua nawaza nani. Yale mabishano yalinifaa kuliko matokeo yake na yangu.

Binti Mikindani

😂 Kaka na lile deni limeisha au bado?

Ming'oko wa Newala

Limebaki la mtu mmoja, laki moja na themanini. Kahamia Mahuta kwa mkewe, nimeelekezwa nyumba, ina mwembe mbele. Kesho nalala kwa shemeji hukohuko ili saa kumi na mbili niwe mlangoni.

Mzee wa Kilwa

Chukua na sukari kidogo, hujui utawakuta na hali gani.

Ming'oko wa Newala

Nshafunga kilo mbili mzee. Hizo siziandiki kwenye daftari.